Kigoda Kwanza, Samadari Baadaye: Kufundisha Useremala Tanga Huku Karakana Ikiuza

Mzazi akimpeleka kijana karakanani pale Ngamiani, maneno huwa yaleyale: "Fundi, mwanao huyu nimekuletea, mfunze kazi." Fundi anamkubali na kumpa msasa. Mwaka unakatika kijana akipiga msasa, akishusha mbao kwenye guta na kufuata chai, na siku ya kuondoka anachojua ni kulainisha kazi za wenzake. Mara nyingi fundi hana roho mbaya. Hana mpango, basi. Kila akifikiria kumwachia kijana kazi ya mteja, anaiona mbao ikiharibika na hela ikienda nayo.

Dawa ni kuwa na kitu kimoja kidogo chenye kazi zote ndani yake: kigoda cha miguu minne. Kinataka randa, msumeno, patasi na gundi, na kina viungo 16 vya ulimi na tundu, yaani ncha iliyochongwa ya kipande kimoja inaingia kwenye shimo la kingine. Kikiharibika kimekula mbao kidogo, kikitoka vizuri kinapata mnunuzi. Mwongozo huu ni wa fundi mwenye kazi yake tayari, anayetaka kufundisha watu wawili au watatu bila karakana kulala njaa. Zaidi ya watatu kwa fundi mmoja, hutaona nani anashika patasi vibaya mpaka damu ionekane.

Makubaliano

Andika ukurasa mmoja, mzazi na kijana wasaini. Utaje muda (miezi 6 ya msingi inatosha kwa yaliyomo humu), saa za kufika, ada au kazi atakayofanya badala ya ada, nani ananunua mbao za kujifunzia, na kigoda kikiuzwa yeye anapata nini. Kilemba, ile zawadi ya kumshukuru fundi mwishoni, kibaki zawadi. Ukikigeuza deni, kijana ataondoka kimyakimya mwezi wa tano.

Umri nao si jambo la kupuuza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 haruhusiwi kuwekwa kwenye kazi za hatari. Mashine ya kupasulia mbao ni hatari, haina mjadala. Mwenye miaka 16 afundishwe kwa zana za mkono tu, na kwa kweli hata wa miaka 25 ni vyema aanze hivyohivyo.

Benchi na zana

Mwanagenzi mmoja apewe mita 1.5 ya benchi. Kimo chake pima hivi: asimame wima, mikono ining'inie, uso wa benchi ufike kwenye kiungo cha kiganja. Kwa watu wengi ni sm 80 hadi 88. Benchi likiwa juu mno, anasukuma randa kwa mikono mitupu na kuchoka saa nne asubuhi; likiwa chini mno, mgongo unalipa.

Kila mmoja awe na zana zake, zenye alama yake: randa ya chuma, msumeno wenye mgongo wa meno 12 hadi 14 kwa inchi, patasi ya mm 10 na nyingine ya mm 25, nyundo ya mbao, skwea, geji ya kuchorea, kisu chembamba na penseli. Za kuchangia ni msumeno wa kupasulia, drili, jiriwa, mawe ya kunolea na klampu sita za sm 60. Usikubali patasi ya kuazimana. Chombo cha wote hakinolewi na yeyote.

Upepo wa bahari hauna huruma na chuma. Jioni kila zana ifutwe vumbi, kisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani kipitishwe juu yake. Vumbi la mbao hunyonya unyevu, kwa hiyo randa iliyolala na vumbi itaamka na madoa ya kutu.

Mbao

Hapa ndipo kazi nyingi za mkoa huu zinapofia, kwa hiyo mwanagenzi afundishwe mbao kabla ya kufundishwa kiungo.

Tanga tuna bahati ya mtiki wa Longuza, Muheza, na mbao laini za saiprasi na paini zinazoshuka kutoka Shume, Lushoto. Mninga unasafiri kutoka mbali, Tabora na Katavi, na bei yake inaonyesha safari hiyo, hivyo usimpe anayejifunza. Viungo vya majaribio vikatwe kwenye paini au saiprasi. Watu hudhani mbao laini ni rahisi, kumbe ndiyo inayosema ukweli: patasi butu inaiponda badala ya kuikata, na aibu inaonekana palepale. Kigoda chenyewe kitengenezwe kwa vipande vya mtiki vinavyobaki kwenye kazi za wateja.

Mtiki una mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, miti michanga ina sehemu kubwa ya mbao nyeupe ya kando. Weupe huo hauna uimara ule mtiki unaosifiwa. Bungua na mchwa wanaula kama mbao nyingine. Mteja akilipia mtiki, weupe ukatwe. Pili, una madini ya jamii ya mchanga ndani yake yanayoua makali upesi, kwa hiyo unanoa mara mbili ya unavyonoa kwenye saiprasi. Tatu, una mafuta. Kabla ya gundi, futa ulimi na tundu kwa kitambaa chenye thina, subiri ikauke dakika chache, paka gundi hapohapo. Ukifuta asubuhi na kupaka gundi jioni, mafuta yamesharudi juu.

Unaponunua, dai risiti na uulize hati ya kusafirishia mbao ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao isiyo na karatasi inaweza kukamatwa ikiwa kwako, na hapo anayejibu ni wewe.

Sasa unyevu. Hewa ya pwani hufanya mbao iliyokaa chini ya paa itulie kwenye unyevu wa kama asilimia 13 hadi 16. Mbao iliyotoka kupasuliwa ina zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukiiunga mbichi, itanywea ikiwa tayari ni kiti: ulimi unalegea, kikalio kinapasuka, na mteja anarudi akisema fundi mwizi.

Ipange hivi. Weka magogo ya kulalia sm 40 juu ya ardhi. Tandaza mbao, na kati ya safu na safu weka vijiti vikavu vya mm 25 kwa 25, kila sm 50, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja wima. Vijiti vikipishana, mbao zinajifunza kupinda. Ncha zipakwe rangi kuukuu, maana ncha hukauka haraka kuliko katikati na ndiyo inayopasuka. Juu bati, pembeni wazi, jua lisipige moja kwa moja. Ubao wa inchi moja uliopangwa mwanzoni mwa kaskazi unakaribia kuwa tayari masika yakianza. Ulioingizwa kwenye masika usiuhesabie miezi, upime.

Kupima hakuhitaji kifaa cha bei. Kata kipande cha upana wa sm 2, angalau sm 30 kutoka kwenye ncha. Kipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu, kisha kikaushe kwenye oveni kwa nyuzijoto kama 103, ukikipima tena na tena hadi uzito ugome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kilichokuwa gramu 118 kikabaki 100 kilikuwa na asilimia 18: bado kidogo kwa kazi ya Tanga. Kwa meza inayokwenda kwenye ofisi yenye kiyoyozi, hata 14 ni nyingi. Kila mwanagenzi afanye hesabu hii kwa mkono wake, mara tatu.

Wiki mbili za kunoa

Wazazi hulalamika: mtoto ana siku kumi, bado anasugua chuma. Waambie wangoje. Asiyejua kunoa atakutegemea wewe maisha yake yote.

Kama huna mawe mazuri, tumia kioo kinene cha mm 6 na msasa wa maji: namba 400, 800, kisha 1200. Anza na mgongo wa patasi, sm 3 za mwisho, mpaka zing'ae sawasawa. Mgongo uliobonyea hauwezi kutoa makali hata ukinoa mlalo, ule upande ulioinama kwenye makali, mwaka mzima. Mlalo uwe digrii 25, na ncha yake iongezewe mlalo mwembamba wa digrii 30. Huna kipimo cha pembe? Pima unene wa patasi. Ikiwa na mm 4, mlalo wenye urefu wa mm 8 ni digrii 30, na wenye mm 9.5 ni digrii 25.

Sugua hadi ukigusa upande wa pili usikie kijipande chembamba cha chuma kilichojikunja, upana wote. Kisipotokea upande mmoja, upande huo haujafika. Kiondoe kwa kupitisha mgongo ukiwa umelala kabisa juu ya msasa wa 1200. Jaribio ni moja: kata ncha ya kipande cha paini, pale nyuzi zinapoishia. Ikiacha uso unaong'aa, imenolewa. Ikiacha vumbi na vishimo, rudi kwenye kioo. Habari ya kunyoa nywele za mkono tuachie vinyozi.

Wiki ya tatu ni msumeno na randa. Mikato 40 kwenye paini, mstari umechorwa kwa kisu, msumeno unapita upande wa kutupwa na kuacha mstari ukionekana. Halafu ubao mmoja wa sm 40: uso wa kwanza unyooke, ukingo uwe mraba kwa uso huo, na vyote viwili viwekewe alama. Kuanzia hapo vipimo vyote vinatoka kwenye uso na ukingo wenye alama, si penginepo. Kigoda kikipinda, mara nyingi chanzo ni mtu aliyeweka geji upande wowote uliomjia.

Kigoda chenyewe

Vipande, baada ya randa:

- Miguu 4: mm 450 × 45 × 45 (itapunguzwa hadi 430)
- Fito za juu (za kuunganisha miguu) 4: mm 290 × 70 × 22
- Fito za chini 4: mm 290 × 35 × 22
- Mbao 3 za kikalio: mm 370 × 120 × 22, ziunganishwe kisha zikatwe mm 350 × 350

Sokoni hiyo ni futi 6 za mbili kwa mbili, futi 4 za moja kwa tatu, futi 4 za moja kwa mbili na futi 4 za moja kwa sita. Ongeza moja ya tano kwa ajili ya makosa. Yatakuwepo.

Kila ufito una mm 230 zinazoonekana na ndimi mbili za mm 30. Unene wa ulimi kwa kanuni ni theluthi ya ubao, yaani mm 7 na kitu, lakini patasi iliyopo ni ya mm 10, na patasi ndiyo inayoamua upana wa tundu. Ulimi wa mm 10 katikati ya mm 22 unaacha mabega ya mm 6 kila upande. Panatosha. Ulimi wa ufito wa juu uwe na upana wa mm 50 tu, ukiacha mm 20 upande wa juu, ili tundu lisitokee kwenye kichwa cha mguu. Zile mm 20 za ziada za mguu zipo kwa sababu hiyohiyo: zinazuia kichwa kupasuka unapopiga patasi, na hukatwa baada ya gundi kukauka.

Uso wa nje wa ufito uingie mm 6 kutoka uso wa nje wa mguu. Ukiuweka katikati ya mguu, ndimi mbili zinagongana ndani na hakuna inayofika. Hata kwa mpango huu zitakutana, kwa hiyo ncha za ndimi za juu zikatwe digrii 45. Fito za chini zikwepeshe: za mbele na nyuma sm 10 kutoka sakafuni, za ubavuni sm 15, wala hazigusani.

Tundu litangulie, ulimi ufuate. Funga utepe wa umeme kwenye patasi kuonyesha kina cha mm 32, ili zile mm 2 za ziada zipokee gundi. Simama kwenye ncha ya mguu uweze kuona kama patasi iko wima. Anza katikati ya tundu, mlalo ukitazama shimo, tembea mm 3 kwa kila pigo, chokoa, shuka tena. Acha mm 2 kila mwisho hadi kina kikamilike, maana unapochokoa patasi inaegemea kingo na kuziponda. Mwisho kabisa, pigo mbili za wima kwenye mistari.

Ulimi chora mabega kwa kisu pande zote nne. Penseli ina unene, kisu hakina. Kata kwa msumeno upande wa kutupwa, malizia kwa patasi pana. Mkono peke yake uuingize hadi nusu, nyundo ya mbao imalizie kwa mapigo mepesi. Ukihitaji kupiga kwa nguvu, utaupasua mguu. Ukigeuza mguu na ufito ukadondoka wenyewe, umelegea.

Na ulegevu hapa una dawa moja tu: gundisha ukanda mwembamba wa mbao shavuni, yaani ubavuni mwa ulimi, ungoje siku, ukate upya. Ule mchanganyiko wa gundi na vumbi la msumeno tunaoujua wote ni kuficha macho. Hauna nyuzi, hauna nguvu, na mwanagenzi akiuona mara moja atautumia miaka ishirini.

Unga pande mbili kwanza, kila upande na miguu miwili, uache usiku. Kesho unganisha pande hizo kwa fito nne zilizobaki. Kabla ya gundi kushika, pima kona hadi kona: tofauti isizidi mm 2. Ikizidi, sogeza klampu upande wa kona ndefu, na usiongeze kukaza, kwani kukaza sana kunakamua gundi yote nje na kukunja fito. Gundi nyeupe ya kawaida unaweza kuifungua klampu baada ya saa moja, ila kiungo kisibebe uzito kabla ya saa 24.

Kikalio kisigundishwe kwenye fremu. Ubao wa mtiki wa mm 350 ukitoka kwenye hewa ya Tanga ukaingia chumba cha kiyoyozi utanywea kama mm 3 kwa upana. Ukiwa umebanwa, utajipasua. Tumia vishikizo vinne vya mbao vinavyoingia kwenye mfereji upande wa ndani wa fito, vifungwe kwa skrubu za shaba kwenye kikalio, na viachiwe nafasi ya kuteleza.

Msasa 80, 120, 180, kufuata nyuzi. Barakoa si pambo: shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995. Vumbi la mvule na la mtiki pia huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu. Vanishi ya kupuliza wakati wa mvua hupata ukungu mweupe, kwa sababu thina ikipaa inapoza uso na unyevu wa hewa unatua juu ya rangi mbichi. Puliza kuanzia saa nne, umande ukishaondoka, au ahirisha.

Baada ya kigoda cha tatu

Cha kwanza huchukua saa 25 hadi 30, cha tatu kama 12. Fundi mzoefu akishindwa kukimaliza kwa saa 6 au 7, naye anoe. Hapo mwanagenzi yuko tayari kwa meza ndogo, halafu kitanda. Matendegu, yaani miguu, ya kitanda cha samadari ni mguu uleule wa kigoda, umekuwa mkubwa. Vitakizo (mbao za kichwani na miguuni) vinaunganishwa kwa gundi, lakini mifumbati (mbao za ubavuni) ifungwe kwa bolti, la sivyo kitanda hakitapita mlangoni. Na "tano kwa sita" ni jina tu. Pima godoro lenyewe la mteja, ongeza sm 2 kila upande, ndipo ukate.

Bei na ada

Bei ya kitu ni mbao (pamoja na ya kutupwa), gundi na skrubu na rangi, usafiri, saa zako, sehemu ya kodi na umeme, kisha faida. Saa za mwanagenzi usimtwishe mteja. Lakini saa zako za kufundisha zihesabu: kila mmoja anakula kama saa moja ya siku yako, hivyo watatu wanakuachia saa sita katika siku ya saa tisa. Theluthi hiyo ndiyo ada inayopaswa kuifidia, kwa fedha au kwa kazi. Malipo ya awali ya mteja yafikie angalau gharama zote za vifaa, na mbao isiguswe kabla.

Cheti, na wewe kuwa mwalimu

Aliyejifunza karakanani hajafungiwa mlango. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: anapimwa kwa vitendo anachokijua, panapopungua anaongezewa, anapewa cheti. Anayetaka kukaa chuoni anaweza kujiunga na VETA au chuo cha maendeleo ya wananchi, na anayependa viwanda vya mbao kuna chuo cha viwanda vya misitu Moshi. Fundi anayetaka kufundisha rasmi, njia yake inapitia chuo cha walimu wa ufundi stadi Morogoro.

Kwa wote hao kinachosaidia ni daftari. Kila kigoda kiwe na ukurasa wake: tarehe, aina ya mbao na unyevu wake, saa zilizotumika, kosa lililotokea na jinsi lilivyorekebishwa, picha ya kiungo kabla ya gundi, na sahihi ya fundi. Picha ya baada ya vanishi haimwonyeshi mpimaji chochote.